Mayai Chini ya Mvinje

Bwenini, Kinyangiri
Mkalama, Singida
6 Julai 2024

Mpendwa Bi Mwantum,

Shikamoo. Leo ni Jumamosi tarehe sita, tumemaliza kufua, na nina saa mbili kabla ya zamu yangu ya kuku. Nimeamua kukueleza yote kama ulivyoniagiza pale uani kwako: "Ukifika niandikie, na usinifupishie." Ninaahidi sitafupisha.

Mimi ni Raheli wa gari-nyumba, ikiwa umesahau. Mjomba Zefania anasema hakuna mtu wa Mtandani atakayesahau Coaster ya kijani yenye jiko, vitanda viwili na pazia za maua. Yeye ni fundi magari wa Utemini, Singida mjini, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Alilinunua gari hilo likiwa bovu, akang'oa viti, na kwa miezi saba akaligeuza nyumba. Anataka kulikodisha kwa familia zinazokwenda mapumziko. Safari yetu ya Juni ilikuwa ya kulijaribu, na mimi nilichukuliwa kwa sababu, alisema, "mtu anayeuliza maswali mia kwa siku ataona kila kasoro."

Asubuhi ya kuondoka tulisimama Ziwa Singidani kuangalia breki. Heroe walikuwa wamejaa kandokando, na gari lilipopiga honi waliinuka wote pamoja, ziwa likabaki jeupe. Niliandika kwenye daftari: wanyama wa kwanza.

Tembo tulimkuta baada ya Mkange. Alisimama katikati ya barabara. Mjomba akazima injini, akatoa kofia, akasema, "Shikamoo mzee." Tembo akatikisa masikio, akapita. Mpaka leo mjomba anadai aliitikiwa.

Tumbili hakuwa na adabu hiyo. Tulipokuwa tunajaza maji aliingia kwa mlango wa nyuma, akafungua sufuria, akachukua matobolwa, viazi vitamu vikavu ambavyo bibi alitufungia. Alionja kipande kimoja, akakitazama, akakitupa chini. Mjomba alikasirika kuliko kama angeibiwa yote. "Huyo hajalelewa Singida," alisema.

Kuhusu bahari sina maneno ya kutosha. Ziwa letu nalo lina chumvi, lakini mahali lilipolala asubuhi ndipo utakapolikuta jioni. Sikujua kwamba kuna maji yanayoondoka na kurudi mara mbili kwa siku bila mtu kuyaita. Nilitazama pia kaa wenye macho juu ya vijiti, wakinitazama na wao.

Jumamosi ya tarehe 22 hatukufanya jambo kubwa. Jumapili ndipo tulipofika kwako, ukatupa maji na kivuli, na ukanieleza habari za kasa mpaka mjomba akasinzia kwenye mkeka.

Nina maswali matatu. Mayai ya kasa hukaa mchangani siku ngapi? Mama yake hurudi kuyaangalia? Na yakihamishwa, yanaweza kutotolewa huko yalikohamishiwa? Nauliza kwa ajili ya somo la Baiolojia tu.

Wako mwenye heshima,
Raheli Simeoni
Kidato cha Pili

*

Mtandani, Pangani
17 Julai 2024

Mwanangu Raheli,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, majirani wakasikiliza. Wamecheka sana kwa habari ya mjomba wako kumwamkia tembo. Nimefundisha darasa la nne miaka thelathini, na ni wachache walioniandikia bila kuombwa mara ya pili. Mwenyezi Mungu akuzidishie.

Sasa majibu. Mayai hukaa siku hamsini na tano hadi sitini na tano, kutegemea joto la mchanga. Mama harudi. Akishafukia amemaliza, anawaachia bahari na walinzi. Na swali lako la tatu limenigusa mahali panapouma, kwa hiyo nitakueleza kilichotupata.

Mimi ni katibu wa kamati yetu ya ufukwe. Mlinzi wetu ni Kitwana. Hukumwona, kwa kuwa yeye hutembea ufukweni usiku na kulala mchana. Zamani Kitwana alikuwa mla mayai ya kasa, yeye na baba yake na babu yake, na hakuficha. Miaka sita iliyopita alikuja mwenyewe kwenye kamati akasema amechoka kula, anataka kulinda. Wengi walicheka. Mimi ndiye niliyemdhamini.

Tarehe 12 Juni kasa alitaga upande wa mivinje, mbali na nyumba. Kitwana alizungushia vijiti. Siku ileile mliyoondoka nyinyi, jioni, alikwenda akakuta vijiti havipo, shimo tupu, mchanga umesawazishwa na maji. Alikuja mwenyewe kutuambia. Mtu mmoja kikaoni akasema, "Mwenye njaa ya zamani hashibi, muulizeni mkewe kapika nini." Watu wakaguna. Kitwana hakujibu neno. Alivua kofia ya ulinzi, akaiweka juu ya meza pamoja na tochi, akatoka.

Amesimamishwa. Mwisho wa Agosti kamati itakaa kumwondoa kabisa. Mimi niliyemdhamini nilinyamaza, mwanangu, na naona haya, kwa sababu sikujua niseme nini. Sasa hata samaki wake hawanunuliwi kwa furaha.

Wewe una macho makali. Siku zile mlipokuwa huku, mliona mtu yeyote upande wa mivinje?

Mama yako wa Mtandani,
Mwantum

*

Bwenini, Kinyangiri
25 Julai 2024

Mpendwa Bi Mwantum,

Shikamoo. Niliahidi kukueleza yote na sikueleza. Sikusema uongo kwa maneno, ila niliiruka siku nzima, nayo ndiyo siku unayoitafuta. Aliyekuwa upande wa mivinje ni mimi.

Jumamosi ile, kabla ya saa sita mchana, mjomba aliliteremsha gari ufukweni. Mchanga ulikuwa mgumu na umelowa, kama kando ya Singidani wakati wa kiangazi, ambako hata malori huegeshwa. Alisema, "Hapa hata mlevi hawezi kukwama." Tukapika wali, tukala, akalala. Mimi nilikuwa nahesabu kaa. Nilipogeuka, maji yalikuwa yameshika matairi ya mbele.

Nilimwamsha. Aliuliza, "Nani kafungulia?" Alidhani tanki letu limepasuka.

Gari lilizama kila alipokanyaga mafuta. Tulichimba kwa koleo na sufuria mfereji mrefu kuelekea juu ili matairi ya nyuma yapate njia. Mjomba aliona vijiti vimesimama kwa duara, akadhani ni boma la watoto waliocheza, akaving'oa vyote akavitia chini ya matairi. Mimi niliendelea kuchimba, na koleo likagusa kitu laini. Yalikuwa mayai, meupe na ya mviringo kama mipira midogo, na hayakuvunjika, yalibonyea tu. Wimbi moja likapita katika mfereji wetu likaingia shimoni.

Nilimwita mjomba. Alitazama, akashika kichwa. "Funika, Raheli. Hayo ni ya serikali. Tukikutwa nayo, gari litakwenda polisi kabla halijapata mteja wa kwanza."

Nilisema, "Mjomba, yatazama."

Alisema, "Na sisi je?"

Sikufunika. Shuleni kwetu tuna mashine ya kutotolesha vifaranga, na mimi ndiye mkuu wa zamu. Nyumbani pia tukikuta mayai ya kanga shambani hatuyaachi yaliwe na mvua, tunamwekea kuku anayeatamia. Nilichukua beseni la vyombo, nikatandika mchanga mkavu, nikapanda nayo hadi kwenye mvinje wenye shina lililoungua upande mmoja. Kutoka hapo nilihesabu hatua kumi na mbili zangu kuelekea kaskazini, nikachimba shimo la urefu wa mkono wangu. Nilikwenda na kurudi mara nne. Yalikuwa mia moja na kumi na nne.

Ya mwanzo niliyapanga taratibu, na kila moja nililigeuza upande wa pili, kama tunavyofanya kwenye mashine asubuhi, mchana na jioni, kifaranga asigande upande mmoja. Hayo yako chini kabisa. Ya mwisho yalikuwa yameshakaa katika maji ya chumvi, nikayatia juu haraka bila kuyageuza, nikafukia. Sikuhesabu niliyageuza mangapi.

Gari lilitoka juu ya vijiti vya Kitwana. Mjomba aliniapisha nisiseme. Kwako alisema tulikwama kwenye kijito, na mimi niliinamia kikombe cha maji.

Nimemwandikia mjomba kwanza kwamba ninakuandikia. Hajajibu, na sikungoja, kwa sababu leo ni siku ya arobaini na tatu tangu yatagwe. Tafadhali mwonyeshe Kitwana barua hii kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwambie sikujua kwamba shimo tupu lingekuwa na jina lake.

Raheli Simeoni

*

Utemini, Singida
1 Agosti 2024

Raheli,

Barua yako imeletwa gereji na kondakta wa basi, nikaisoma nikiwa chini ya Fuso la watu. Nilipomaliza nilikaa hukohuko chini hadi mwenye gari akainama kuuliza kama nimeumia.

Umeandika vizuri, hata mikato iko mahali pake. Ila umeniweka pabaya, na nilikasirika. Nilikukataza kwa sababu nilikuwa naliona gari tu, miezi saba ya mikono yangu. Sikumwona mtu. Huyo Kitwana ulivyomweleza, nimemwona sasa, na siwezi kutomwona tena.

Yule mama wa Mtandani alikuwa amenipigia mara tatu nikakata. Jana nimempigia mimi. Nimesema aliyeving'oa vijiti ni mimi, mfereji ni mimi, kijito hakikuwepo. Amenisema dakika ishirini bila kupumua, kwa salio langu. Nikamwambia, mama, niko tayari kuja mbele ya kamati. Akasema, "Njoo, lakini gari liache barabarani."

Naondoka Jumapili kwa basi. Gari wakilishika, walishike. Wewe soma.

Mjomba wako,
Zefania

*

Mtandani, Pangani
7 Agosti 2024

Mwanangu Raheli,

Kitwana amesoma barua yako. Nilimpelekea nyumbani kwake, akaisoma polepole akiwa amesimama mlangoni, mkewe akimchungulia begani. Alipofika pale uliposema uliyageuza, aliacha kusoma. Kisha akasema, "Huyu kweli ni mtoto wa kuku." Hakusema kwa ubaya.

Nilikuwa sijakuambia, na sasa sina budi. Yai la kasa haligeuzwi, mwanangu. Lile la kuku hugeuzwa ili kifaranga asigande. Hili la kasa mtoto hujishikiza juu ya ganda siku zile za mwanzo, na huko ndiko anakotakiwa kukaa. Wewe ulifundishwa vizuri, ila ulifundishwa kuku.

Tulikwenda watatu, Kitwana, mimi na mjomba wako, ambaye alifika Jumatatu kwa viatu vya mjini vilivyojaa mchanga. Mvinje ulioungua tuliuona. Kitwana alikataa kupima kwa hatua zake. Alimwuliza mjomba wako wewe u mrefu kiasi gani, akafupisha hatua, akahesabu kumi na mbili. Alipiga magoti akakwangua kwa vidole viwili tu. Akaona yai la kwanza. Akalifunika, akakaa pale mchangani.

Kwenye kamati mjomba wako alisimama akasema kila kitu, na yule mtu wa maneno ya njaa akatazama dari. Hata hivyo mwenyekiti ni mgumu. Amesema, "Mayai kuonekana ni jambo moja. Yakioza, ufukwe umepoteza kiota vilevile." Wamekubaliana kungoja. Yakitoka, Kitwana anarudishwa bila neno. Yasipotoka, wataamua. Mjomba wako ameandikwa jina na kupewa onyo, na ameahidi kupaka rangi kibao cha kukataza magari ufukweni. Amekipaka kijani cha Coaster.

Kitwana analinda pale usiku na mchana, bila kofia wala tochi. Omba dua kwa namna yenu, na sisi kwa yetu.

Mwantum

*

Mtandani
19 Agosti 2024

Kwa binti Raheli,

Salaam. Mimi si mwandishi. Bi Mwantum alitaka kuniandikia, nikakataa, kwa sababu barua yako ilinihusu mimi.

Alhamisi tarehe 15, alfajiri, mchanga ulibonyea katikati, kama mtu amevuta pumzi chini yake. Kikatoka kichwa kimoja. Kikangoja. Halafu wakatoka wengi kwa pamoja wakikanyagana. Nilisimama na fimbo kufukuza kaa. Bi Mwantum alikuja na kanga ya kulalia, na mwenyekiti alikuja na mswaki mdomoni. Tulihesabu. Walioingia baharini ni arobaini na watatu. Mmoja alielekea kijijini, nikamgeuza, huyo yumo katika hesabu.

Mwenyekiti alirudi nyumbani, akanitumia kofia na tochi kwa mkono wa mwanawe. Hakusema neno, kama walivyokubaliana. Jioni watu walinunua samaki wangu wote, hata wale wadogo.

Jumapili nilifukua shimo, ndivyo kazi ilivyo. Yaliyobaki yaliharibika. Hutokea. Usijisumbue.

Nataka ujue jambo moja. Nimekula mayai ya kasa tangu utotoni. Waliosema ni mimi hawakukosea mtu, walikosea mwaka. Ndiyo maana sikujibu kikaoni. Nilidhani ni haki yangu kulaumiwa. Barua yako ilipofika niliona kwamba mtu naye anaweza kujitaja hali hajaulizwa na yeyote mwenye uwezo wa kumkamata. Mke wangu ameihifadhi pamoja na cheti cha ndoa.

Umsalimie mjomba. Kibao chake kinaonekana hata kutoka baharini.

Kitwana

*

Bwenini, Kinyangiri
Mkalama, Singida
29 Agosti 2024

Mpendwa Baba Kitwana,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa zamu, mbele ya mashine, na nilipofika kwenye arobaini na watatu nilipiga kelele mpaka Mwalimu Theresia, anayetufundisha Baiolojia, akaja mbio akidhani taa imeanguka. Nimemsomea. Ameniomba nieleze darasa zima kwa nini yai la kuku hugeuzwa na la kasa haligeuzwi, na wiki ijayo nitaeleza, pamoja na sehemu ya kosa langu. Sitairuka siku yoyote.

Nimefurahi sana kwamba kofia imerudi kichwani kwako. Nilikuwa nikiamka naikumbuka ile meza, ingawa sijawahi kuiona. Mjomba naye amepata familia ya kwanza ya kukodi gari. Amewapa masharti ya kurasa mbili, na ukurasa wa kwanza wote unahusu maji kupwa na kujaa.

Lakini baba, nimeisoma barua yako mara nyingi, na kuna mahali umefanya kama nilivyofanya mimi katika barua yangu ya kwanza. Umenihesabia walioishi mmoja mmoja, hata yule aliyepotea njia. Wale sabini na mmoja umewaweka katika neno moja: yaliharibika. Ukaniambia hutokea, nisijisumbue. Nadhani umenihurumia. Nashukuru, ila wewe ulikaa wiki tano ukilaumiwa kwa sababu watu wawili walikuwa wanahurumia gari. Sitaki kuhurumiwa kwa namna hiyo.

Umesema ulifukua shimo, kwa hiyo uliyaona yalivyolala. Ya chini ni yale niliyoyageuza kwa mikono yangu. Ya juu ni yale yaliyokaa katika maji kabla sijayafikia, na hayo sikuyageuza. Kama ni maji, nilipaswa kufanya haraka zaidi. Kama ni mikono yangu, ni lazima nijue, kwa sababu mikono hii ndiyo nitakayokuja nayo Juni ijayo, ikiwa mtaniruhusu kulinda pamoja nanyi, kwa basi, na gari likiwa limebaki Utemini.

Nimeweka ndani bahasha yenye stempu na anwani yangu, ili usipate sababu ya kuchelewa. Sitaki zaidi ya neno moja, na naahidi sitalia mbele ya watu. Yaliyokufa yalikuwa ya chini, au ya juu?

Mtoto wa kuku,
Raheli Simeoni